Gunia Likiondoka Kibaigwa, Shamba Linabaki na Nini?

Gunia la mahindi la kilo 100 linapopandishwa kwenye lori pale soko la Kibaigwa, wilayani Kongwa, linaondoka na takribani kilo moja na nusu ya naitrojeni iliyonyonywa ardhini. Kuirudisha kwa mbolea ya dukani kunahitaji kilo tatu na ushee za urea, kwa kuwa urea ina asilimia 46 tu ya naitrojeni, na si yote utakayomwaga itaufikia mzizi. Mkulima aliyevuna magunia 8 kwa ekari na kuyauza yote ameuza pamoja nayo karibu nusu mfuko wa urea, bila kuhesabu fosforasi na potasiamu. Bei ya gunia haimlipi kwa hilo. Msimu unaofuata anarudi shamba lile lile, na jembe lile lile, na mbegu ya mahindi yale yale.

Mashamba ya Kongwa, Kiteto na Mpwapwa yamelisha miji mingi kwa njia hii, na heshima hiyo wakulima wake wanastahili. Lakini anayesema “ardhi yetu imechoka” hana budi kujiuliza imechoshwa na nini, na nani anaipa chakula. Makala haya ni ya mtu mwenye ekari mbili, tatu, au bustani ya mboga nyuma ya nyumba, anayetaka kuanza kuirudishia ardhi yake haki bila kungoja mradi uje na magari. Ninachoshikilia ni hiki: katika nyanda hizi kavu, maji na samadi huja kwanza, mbolea ya dukani baadaye. Kuwa na ushahidi wa macho kuhusu shamba lako kunakuokolea fedha nyingi kuliko ushauri wowote wa jumla, huu wangu ukiwemo.

Historia ya Kongwa inatosha kuonyesha gharama ya kuhukumu udongo bila kuushika. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma ujumbe wa watu watatu, ukiongozwa na John Wakefield aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, kutafuta ardhi ya kulima karanga kwa mashine. Walizunguka kwa wiki 9, sehemu kubwa wakiitazama nchi kutoka kwenye ndege. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, na lengo lilikuwa kufikia zaidi ya ekari milioni 3 Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Udongo uliolimika vizuri wakati wa masika ukakauka ukawa mgumu, ukameza makali ya majembe ya matrekta, na karanga zilizokomaa zikashikiliwa humo chini. Mvua nayo haikutosha. Januari 1951 mpango ulifutwa, na hasara ilikuwa takribani pauni milioni 36. Wagogo waliokuwa wakiishi hapo walijua kwamba mvua ya Kongwa haina ahadi. Walikuwa wakilima kidogo na kufuga zaidi.

Kwa hiyo chimba. Chagua mahali panapowakilisha shamba lako: pasiwe juu ya kichuguu, chini ya mti wala kwenye boma la zamani. Chimba shimo lenye kina cha goti, na ukate ukuta mmoja wima kwa panga. Utaona rangi ikibadilika, na utaona mizizi ya mabua ya mwaka jana ilipoishia. Mizizi ikikunja shingo na kutambaa kando kwenye kina cha sentimita 15 au 20, umeshakuta jamba gumu, tabaka lililoshindiliwa na kwato, magurudumu na jembe linalokata kina kile kile kila mwaka. Hapo mfuko wa mbolea hautakusaidia sana, kwa sababu mmea unaishi juu ya sakafu.

Kisha fanya majaribio mawili yasiyogharimu kitu. La kwanza: chukua vidonge vya udongo mkavu vyenye ukubwa wa punje ya haragwe, uviweke taratibu kwenye glasi ya maji. Vikisambaratika ndani ya dakika moja, udongo wako hauna mboji ya kuushikamanisha, na ndio huo unaotengeneza gamba juu baada ya mvua kubwa na kuzuia mbegu kuota. Maji yakichafuka kama maziwa na yasitulie, kuna uwezekano wa chumvi ya sodiamu, na hilo linahitaji maabara. La pili: jaza theluthi ya chupa angavu kwa udongo, ongeza maji na chembe za sabuni ya unga, tikisa kwa nguvu, kisha iache bila kuigusa. Mchanga hukaa chini kwa dakika moja hivi, tope laini huchukua saa kadhaa, mfinyanzi huweza kuchukua siku moja hadi mbili. Tabaka la mchanga likichukua sehemu kubwa ya kimo chote, ujue udongo huo hauhifadhi mbolea kwa muda mrefu. Ukiweka nyingi kwa mkupuo mmoja, mvua ya kwanza inaizamisha mahali mizizi isipofika.

Hayo yote yapige picha. Simu ya kawaida yenye kamera inatosha, ila picha ina adabu zake. Weka rula, au mpini wa jembe uliochorwa alama kila sentimita 10, kando ya ukuta wa shimo, ili anayeitazama ajue kina. Piga asubuhi au alasiri. Jua la saa sita mchana linafuta rangi na kuufanya udongo wote uonekane mweupe. Kivuli chako kisiingie. Ukipiga picha ya jani, piga tatu: shamba zima kutoka mbali, mche mmoja kutoka juu hadi chini, na jani lenyewe kwa karibu. Bwana shamba au bibi shamba anayepokea picha ya jani moja la njano peke yake hana la kukujibu ila kubahatisha, kwa kuwa njano ya majani ya chini na njano ya majani machanga ni magonjwa mawili tofauti.

Kwa mahindi, jani la chini likianza umanjano kwenye ncha na ukashuka katikati kwa umbo la V, hiyo ni njaa ya naitrojeni. Mche mchanga wenye rangi ya zambarau kingoni mwa majani mara nyingi unakosa fosforasi, ingawa zipo aina za mbegu zenye zambarau ya asili. Majani ya chini yakikauka kingo kama yaliyopitiwa na moto, fikiria potasiamu. Majani yaliyojisokota mchana na kufunguka usiku yana kiu tu. Na ukiona kimmea kifupi chenye maua mekundu au ya waridi kimejipanga chini ya mahindi au mtama, hicho ni kiduha. Kinanyonya mizizi ya mazao, na kinashamiri zaidi kwenye udongo uliokwisha naitrojeni. King'oe kabla hakijatoa mbegu, maana mmea mmoja hutoa mbegu maelfu kwa maelfu, nazo huvumilia ardhini miaka mingi.

Picha yenye thamani kuliko zote, hata hivyo, ni ile unayoirudia. Simika kigingi pembeni mwa shamba, simama hapo, elekeza kamera kwenye alama isiyohama kama kilima au mti mkubwa, na upige kabla ya mvua, wiki ya tatu baada ya kuota, wakati wa kuchanua na siku ya kuvuna. Andika tarehe, kiasi cha samadi na mbegu uliyotumia kwenye daftari, kwa sababu simu huibwa na hupotea. Udongo unabadilika polepole mno kwa kumbukumbu ya binadamu. Ukiwa na picha za miaka 3 kutoka kigingi kimoja, huhitaji kubishana na jirani kama matuta yamesaidia.

Sasa maji. Mjini Dodoma mvua ya mwaka ni wastani wa takribani milimita 570, katika msimu mmoja unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na mara nyingi hukatika Februari, mahindi yakiwa katikati ya kuchanua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 10 juu ya ekari moja ni zaidi ya lita 40,000. Hakuna mkulima wa Kibaigwa anayeweza kununua maji hayo kwa boza. Lakini kwenye udongo wenye gamba, sehemu kubwa inateleza hadi korongoni ikiwa imebeba udongo wa juu, ule pekee uliokuwa na rutuba. Ndiyo sababu nasema ardhi nyingi inayoitwa maskini huku ni ardhi inayoibiwa maji yake kila mvua.

Zuia hayo maji yaliponyesha. Kama shamba lina mteremko, pima mstari wa usawa kwa fremu A: miti miwili mirefu na mmoja wa kuifunga katikati, kamba na jiwe. Fuata mstari huo kuchimba makinga maji. Unaweza kutumia mbinu ya “fanya juu”, yaani kuchimba mtaro na kutupa udongo upande wa mlimani, kama walivyofanya wakulima wa Machakos, Kenya, hadi vilima vyao vikawa ngazi. Kati ya makinga maji, lima matuta yanayokata mteremko, na katika mifereji yake weka vizuizi vya udongo kila baada ya hatua moja au mbili, ili kila kisehemu kibaki na maji yake. Matuta yasiyo na vizuizi huwa mifereji ya kusafirishia mmomonyoko.

Palipokuwa uwanda mtupu, hata nyasi hazioti, kuna kazi nyingine. Pembamoto, humu humu wilayani Kongwa, wanakijiji wakishirikiana na LEAD Foundation ya Dodoma na Justdiggit ya Uholanzi walichimba makinga maji ya nusu mwezi, mdomo ukielekea mlimani, na picha zilizopigwa kutoka juu zinaonyesha nyasi zikiota ndani ya kila nusu duara huku pembeni kukiwa bado kwekundu. Nenda ukaone kwa macho yako. Burkina Faso, Yacouba Sawadogo wa mkoa wa Yatenga aliboresha mashimo ya zai ya wazee wake: yanachimbwa wakati wa kiangazi, yanatiwa samadi, mchwa wanaitoboa ardhi kwa ajili yako, mvua inakuta njia zimefunguliwa. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya Right Livelihood. Kwetu pia Wamatengo wa Mbinga wamelima kwa mashimo yao ya ngoro kwa vizazi vingi. Zai ni kazi nzito na sikushauri kuianza kwenye ekari 3. Robo ekari, kabla ya Novemba, kwa nguvu za familia, inatosha kujifunzia. Jamba gumu nalo lipasuliwe kwa ripa ya kukokotwa na maksai kiangazi, udongo ukiwa mkavu unaopasuka, kwenye mistari utakayopandia tu. Kulima shamba zima kila mwaka ni kuanika unyevu.

Na acheni kuchoma. Kuberega, yaani kuparua magugu, kuyakusanya na kuyatia moto kabla ya kupanda, kuliendana na zama ambapo mtu angehamia shamba lingine ardhi ikichoka. Siku hizi hakuna pa kuhamia. Ukichoma mabua, naitrojeni yake inapaa na moshi na majivu yanapeperushwa na upepo wa Septemba. Najua hoja ya upande wa pili: mabua yakiachwa, ng'ombe wa jirani watayala. Ni kweli, na sheria ya kijiji peke yake haijawahi kuzuia ng'ombe mwenye njaa. Kilichowahi kufaa sehemu nyingi ni mapatano: ng'ombe waingie wale mabua ya juu, mwenye ng'ombe akulipe kwa samadi ya bomani, na theluthi ya mabua ilazwe chini kama matandazo katika eneo mlilokubaliana kwamba halichungwi. Mapatano hayo yafanyike mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, kabla ya kuvuna.

Samadi yenyewe mara nyingi inatendewa vibaya. Ile iliyokaa bomani miaka, ikipigwa na jua na kuoshwa na mvua, imebaki na mchanga mwingi kuliko kinyesi. Itie kidogo kwenye ndoo ya maji: mchanga utazama, utajua unabeba nini kabla ya kulipia mkokoteni. Samadi nzuri inarundikwa kivulini, inafunikwa kwa udongo au nyasi, inanyunyiziwa maji na kugeuzwa, na inaivishwa miezi mitatu hivi mpaka isitoe joto wala harufu kali. Ikiwa mbichi inaunguza miche na inaleta mbegu za magugu zilizopita salama tumboni mwa ng'ombe. Usichanganye na majivu. Majivu huifukuza naitrojeni hewani. Majivu yana potasiamu na hupunguza uchachu, kwa hiyo yatumie peke yake, kidogo, na pale tu kipimo kilipoonyesha udongo ni mchachu.

Usiimwage samadi shamba zima kama hunayo ya kutosha. Ukipanda mahindi kwa sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, ekari ina mashimo takribani 9,000. Ukiweka gramu 300 kila shimo, konzi mbili za mtu mzima, utahitaji tani 2.7; kama mkokoteni wa maksai unabeba kilo 400, ni safari 7. Hiyo ni kazi ya wiki moja ya kiangazi. Tani hizo hizo zikitawanywa, mmea hauzioni.

Kibaigwa ina bahati ambayo vijiji vingi havina: mabaki ya soko. Kila penye mashine ya kupukuchua pana rundo la magunzi. Penye kinu pana pumba. Alizeti zikikamuliwa, maganda yanabaki. Mengi yanaishia motoni. Magunzi peke yake hayaozi upesi, na yakifukiwa mabichi yanaazima naitrojeni ya udongo kwanza kabla ya kuirudisha. Njia iliyo rahisi ni kuyaponda na kuyatandika bomani au zizini. Yananyonya mkojo, ambao ndio wenye naitrojeni nyingi na ambao kwa kawaida unapotea wote, yanakanyagwa, na baada ya miezi michache unachota samadi mara mbili ya iliyokuwepo, nzuri zaidi. Asiye na mifugo atengeneze mboji: tabaka tatu za takataka kavu kwa tabaka moja la samadi au majani mabichi, maji ya kutosha hadi ukikamua mkononi yatoke matone machache, na kugeuza kila wiki mbili au tatu. Mahindi yenye ukungu yaingie humo. Yasipewe kuku wala watu, kwa sababu ya sumukuvu.

Mbolea ya dukani siikatai. Kwenye udongo uliokwisha fosforasi, samadi peke yake itachukua miaka. Ninachokataa ni kuimwaga kwa mazoea. Tangu 2022 Wizara ya Kilimo imegawa pikipiki na vipima udongo kwa maafisa ugani, kwa hiyo mdai wako huduma hiyo. Ukitaka kipimo kamili, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) cha Mlingano, Tanga, ndicho kinachobeba utafiti wa udongo nchini. Sampuli ichukuliwe kwenye vituo 15 hadi 20 ukitembea kwa zigizaga, kina cha sentimita 20, ichanganywe kwenye ndoo safi isiyowahi kubeba mbolea, ikaushwe kivulini, na upeleke nusu kilo hadi kilo moja. Fanya hivyo Agosti au Septemba, majibu yakukute kabla ya mvua.

Kisha tumia kifuniko cha soda. Kikijaa kinabeba takribani gramu 5 hadi 6 za mbolea ya kupandia. Mashimo 9,000 kwa gramu 5 ni kilo 45, chini ya mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari. Weka mbolea, funika kwa udongo kidogo, ndipo mbegu. Zikigusana mbegu inaungua. Mbolea ya kukuzia isubiri ardhi iwe na unyevu, na urea ifukiwe, maana ikiachwa juu ya udongo wenye joto inageuka hewa. Februari ikikauka, usiweke. Bakiza mfuko kwa msimu ujao, usikubali kushawishiwa na muuza duka. Na jiandikishe mapema kwenye daftari la wakulima la kijiji ili upate namba ya ruzuku.

Mikunde ni lazima iwemo. Kunde, choroko, njugu mawe na fiwi huvumilia ukame, na mizizi yake hunasa naitrojeni ya hewani; lakini ukiing'oa na kuipeleka yote nyumbani, unaondoka nayo. Kata shina, acha mzizi, rudisha maganda. Mbaazi inapukutisha majani mengi na mzizi wake unatoboa jamba, ila huchelewa kukomaa, mbuzi wakiwa wameshafunguliwa. Tafuta mbegu ya muda mfupi. Miti nayo iko tayari shambani mwako: vile visiki unavyofyeka kila Novemba ni miti hai. Acha machipukizi mawili au matatu yenye nguvu, pogoa mengine, funga kitambaa ili wachungaji waone. Hiyo ndiyo mbinu inayoitwa Kisiki Hai, na haihitaji kitalu wala ndoo ya maji.

Kwa bustani ya mboga, tahadhari moja. Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi. Ukiona unga mweupe juu ya tuta na ncha za majani zimeungua, acha kumwagilia kidogo kidogo kila jioni; mwagilia kwa wingi mara chache ili chumvi ishuke chini ya mizizi, funika tuta kwa matandazo, na vuna maji ya paa kwa ajili ya miche.

Mwaka wa kwanza usibadili shamba zima. Gawa nusu ekari vipande vinne: kimoja ulime kama ulivyozoea, cha pili matuta yenye vizuizi, cha tatu matuta na samadi, cha nne matuta, samadi na kifuniko kimoja cha mbolea. Mbegu iwe moja, siku ya kupanda iwe moja, palizi iwe sawa. Simika kigingi kwenye kila kipande, na siku ya kuvuna pima kila kipande peke yake kwa debe moja, punje zikiwa zimekauka, uandike. Kisha waite majirani waone madebe yakiwa bado yamepangwa hapo hapo shambani, kabla hujayamimina pamoja kwenye gunia.